Makabati ya juu ya gari-nyumba yameshuka, ukuta hauna mbao. Nishike wapi?

Seremala_Ngamiani
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni seremala, kazi zangu ni milango, vitanda na makabati ya jikoni, karakana ipo Ngamiani hapa Tanga. Nimeletewa kazi ya gari-nyumba, yale magari ya Ulaya yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Wenyewe ni wazee wa Kijerumani, mtu na mkewe, wametokea Malawi na wanaelekea Mombasa. Wameegesha Raskazone na ni watu wa waja leo waondoka leo, kila asubuhi wananiuliza kama kazi imeisha.

Shida ni makabati ya juu, yanayoanzia mlangoni yakapita juu ya dirisha mpaka juu ya jiko. Yameshuka upande wa mbele, kati ya kabati na dari kidole cha shahada kinapita. Milango haifungi sawasawa. Bibi anasema kutoka Chalinze mpaka Segera kila rasta ya barabarani ilikuwa inamwagia vikombe mapajani.

Nimetoa vyombo vyote nikachungulia. Kabati lenyewe ni zima. Ni plaiwudi ya milimita 3 kwenye fremu ya mti mweupe mwepesi, limeungwa kwa gundi na pini za stepla. Kilichoachia ni skrubu za nyuma, nyingine nazizungusha kwa vidole. Nikatoboa tundu dogo mahali pa kificho nikaingiza waya: plaiwudi, halafu povu gumu, halafu bati la nje. Basi. Ukuta mzima ni kama sentimita 3.

Ukuta wa tofali ningepiga fisha, ile plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, na habari ingeisha. Hapa fisha itashika nini, povu? Na la pili, mzee ameona meza ya mninga hapa karakana, sasa anataka makabati yote niyafanye upya kwa mninga. Pesa naitaka, lakini roho inasita.

Bin_Kalafati
Salama fundi. Niko Bagamoyo, natengeneza boti za faiba, zamani nilikuwa kwenye majahazi. Ukuta huo naujua, boti nyingi nyepesi zinajengwa hivyo hivyo: ngozi mbili nyembamba zimegandishwa kwenye povu. Ukisukuma kwa kiganja unaona ni imara kweli, lakini skrubu moja haina cha kung'ata humo.

Ila waliolijenga hawakutundika kabati hewani. Ndani ya povu wamepitisha papi, yaani mbao nyembamba ndefu, kwenye mistari waliyojua kabati litakaa. Hayo ndiyo mataruma yako, kama mbavu za jahazi, yatafute kwanza. Chukua sumaku, ifunge kwenye uzi, ipitishe taratibu ukutani. Itanasa penye pini na misumari, na penye pini ndipo penye mbao. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole uhakikishe, sauti ya povu na ya mbao utazitofautisha mwenyewe.

Sasa hizo skrubu zinazozunguka kwa vidole. Chomoa chache utazame meno yake. Zikitoka na unga mweusi, shida yako siyo kabati, ni maji.

Dereva_Muheza
Wakuu mbona mnaikuza hii kitu? Piga skrubu za inchi 3 juu kwenye dari, jaza silikoni, mpe babu gari lake avuke Horohoro. Likidondoka Kenya ni la Wakenya.

Seremala_Ngamiani
@Dereva_Muheza inchi 3 ni milimita 76, dari halifiki hata nusu ya hapo. Ncha zitaota juu ya paa kama mbigili, na mvua ikinyesha kila moja ni bomba. Asante, lakini jina langu linajulikana mtaa huu.

@Bin_Kalafati nimechomoa. Za upande wa mlangoni zimetoka na nyuzi za mbao kavu kwenye meno, hizo zimelegea kwa mtikisiko tu. Za juu ya jiko zimetoka na kutu na unga mweusi, unanuka uvundo. Bisibisi nikiisukuma kwa kiganja inazama yote. Sumaku imenionyesha papi mbili, moja kwenye mstari wa chini ya kabati na nyingine kule juu, ukuta unapokutana na dari.

Nikapanda ngazi kutazama paa. Kuna reli ya alumini inayofunika ungio la paa na ukuta. Gundi yake ya zamani imekauka na kupasuka, na mtu amekuja kupaka silikoni juu yake. Nimeivuta kwa kucha ikaja ndefu.

Mama_Turubai
Hongera fundi kwa kutokubali mambo ya inchi 3. Mimi nina magari ya kupeleka wageni Saadani na Lushoto, nimeshatengeneza makabati ya aina hii mpaka nimechoka.

Mninga mwambie mzee hapana, tena bila kumung'unya maneno. Magari hayo mengi kwao yamesajiliwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, pamoja na watu, maji na mizigo, kwa sababu leseni yao ya kawaida ya gari dogo inaishia hapo. Ndiyo maana ubao ni wa kuonea huruma, siyo kwamba mafundi wao hawajui mbao. Ukiweka mninga juu ya vichwa vyao, hata ukitia papi mpya hazitakaa. Mchongee ubao wa kukatia mkate wa mninga, atafurahi vilevile.

Halafu muulize bibi alikuwa anaweka nini humo. Dau langu ni makopo na chupa. Juu ni mahali pa nguo, taulo na chai ya majani. Vizito vyote vikae chini.

Bin_Kalafati
Mama kasema. Sasa fundi, anza juu ya paa, usiguse ndani kabla.

Kwangua silikoni yote kwa kipande cha plastiki kigumu, futa kwa spiriti, rudia. Gundi nyingine haishiki juu ya mabaki ya silikoni hata ubembeleze. Fungua reli, tandika utepe mpya wa butili, ule wa mpira laini unaonata na kuzuia maji, chini yake, rudisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kila skrubu ichovye kwenye gundi ya boti, Sikaflex au ya aina hiyo, kabla ya kukaza. Maana chuma hicho kikigusana na alumini kwenye chumvi ya bahari, alumini ndiyo inaliwa.

Ndani, shusha kabati la jiko. Kata plaiwudi ya ukuta penye uozo, upitilize mpaka ufike kwenye mbao nzima. Toa papi mbovu, washa feni, subiri pakauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanafunga maji ndani. Papi mpya iwe ya mpaini mkavu, ikae kwa gundi ya poliyurethani. Gundi ile inafura, inaweza kulivimbisha bati, kwa hiyo egemeza ubao kwa nje na ukandamize mpaka ikauke. Juu yake rudisha plaiwudi ya milimita 6, iwe pana kuliko tundu ulilokata, ili mzigo usambae.

Kabati likirudi, ndani ya kona yake ya juu nyuma pitisha pembe ya alumini ndefu, kipande kimoja, skrubu ziingie kwenye papi. Zile zilizolegea upande wa mlangoni, mbao ni nzima, hamisha tundu pembeni kidogo tu. Na usilivute kabati juu kwa skrubu. Tengeneza mhimili wa T, weka jeki ndogo chini na blanketi juu, pandisha polepole mpaka ufa ufungike, ndipo ukaze.

Seremala_Ngamiani
Nimeelewa. Kabati la jiko nimeshalishusha, papi ya juu imetoka kwa mkono bila hata patasi, ya chini imeoza kipande tu cha upande wa dirisha. Feni inafanya kazi. Wazee nimewaambia Mombasa haihami, na bibi amekiri makopo ya nyama.

Mpaini ninao, pembe ya alumini nimepata kwa wauza madirisha. Utepe wa butili ndio sijauona, kila duka la vipuri wananiletea mkanda mweusi wa umeme. Bin_Kalafati, unao?

Bin_Kalafati
Upo. Reli ina upana gani?

Seremala_Ngamiani
Milimita 25, urefu mita 6 upande mmoja.

Bin_Kalafati
Chukua wa kutosha pande zote mbili za gari, upande huo mwingine nao utavuja tu. Nakuwekea kwenye basi kesho asubuhi, kapokee stendi ya Kange.