Naomba ushauri: jarida lipi la pili linamfaa fundi seremala?

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo ya useremala, na bajeti inaruhusu kulipia majarida mawili tu kwa mwaka. La ufundi nimeshaamua: Fine Woodworking, lililoanza 1975. Picha zake za maungio zimekaa vizuri, unaona hadi patasi inapoanzia kuchonga.

Kasheshe ni la pili. Nimepitia The Economist. Zuri, ila ni la kila wiki na limejaa uchumi wa dunia, wakati mimi nataka kujua namna ya kupanga bei ya kabati! Mother Earth News nalo lina sola, mboji na bustani.

Je, nichukue la mazingira au la biashara? Na kama ni biashara, lipi linamlenga mwenye wafanyakazi wachache?