Dereva wa langalanga akisaini timu mbili, nani anaamua?

KonaKali:
Wakuu habari zenu, mimi langalanga nimeanza kuifuatilia juzijuzi tu sasa kuna kitu sikielewi kabisa. Nimesoma ile stori ya dereva Piastri 2022, timu ya Alpine wanatangaza tarehe 2 Agosti kwamba mwakani ndo dereva wao, siku hiyohiyo jamaa anaposti kwamba hajasaini nao na gari lao haendeshi. Yaani timu inamtangaza mtu ambaye hajasaini?? Kumbe mwenzao alishamalizana na timu nyingine, McLaren. Sasa kesi kama hii inaenda mahakama gani, na timu ikishinda inaweza kumlazimisha mtu aendeshe? Maana naona ataendesha ilimradi tu.

TairiLaini:
Hiyo haikwenda mahakamani mkuu. Formula 1 wana bodi yao ya kutambua mikataba, kwa kifupi CRB, ilikuja baada ya lile sekeseke la dereva Schumacher 1991, alikimbia na timu ya Jordan mbio moja tu pale Spa Ubelgiji, mbio iliyofuata Monza Italia tayari kahamia timu ya Benetton, Jordan wakakimbilia mahakamani London wakagonga mwamba. Siku hizi timu zinasajili mikataba huko, ikigongana bodi inaangalia upi ndo halali, basi, mambo ya fidia mnaenda kudaiana kwingine.

Alpine ni uzembe tu kwa kweli. Walikuwa na karatasi ya makubaliano ya awali, mkataba wenyewe wa kukimbia wakachelewa kumsainisha, McLaren wa kwao umesainiwa tarehe 4 Julai. Bodi ikatoa uamuzi tarehe 2 Septemba kwamba wa McLaren ndo pekee unaotambulika. Na walishamgharamia majaribio kibao yule dogo, lazima iume.

BenderaNjano:
Hapo Monza msimsahau dereva Moreno, ndo aliyetolewa Benetton kumpisha Schumacher. Akaenda mahakamani Italia na akashinda, ikaishia kulipwa akaondoka, wikiendi hiyohiyo akaendesha gari la Jordan 😂

Gia_ya_Nane:
Kuhusu kulazimisha, tafuta kesi ya dereva Giedo van der Garde na timu yake ya Sauber 2015, pale dereva ndo alikuwa anailazimisha timu. Jamaa ana mkataba, timu ikawapa nafasi madereva wengine, Ericsson na Nasr, waliokuja na hela za wadhamini, akashinda kwenye usuluhishi Uswisi, akaenda mahakama ya Melbourne akashinda tena wiki ileile ya mbio. Ijumaa akaingia gereji kavaa suti ya Ericsson! Sauber wakaona bora magari yasitoke kabisa mazoezi ya kwanza. Mwisho akakubali kulipwa aondoke, inasemekana euro milioni 15, na Formula 1 hajakimbia tena hadi leo. Sasa jiulize, unaingia kwenye gari lililofungwa na watu uliowashtaki, unakata kona kwa spidi ile ukiwa na amani kweli? Mimi hapana. Ndo maana hizi kesi karibu zote zinaishia kwenye hela, kiti hakipatikani kwa hukumu.

TairiLaini:
Na ukitoka Formula 1 hiyo bodi haipo, Palou wa IndyCar, langalanga ya Marekani, ndo mfano. 2022 timu yake ya Ganassi wametangaza wanabaki nae, yeye akasema hajaridhia, McLaren nao wakatangaza wamemchukua, mwaka uliofuata akawageuka McLaren akabaki kwa Ganassi. Hapo ikawa kesi kamili London na akaamriwa kuwalipa McLaren zaidi ya dola milioni 12. Ila uwanjani anachukua ubingwa tu, hana habari.

KonaKali:
Dah, asanteni wakuu. Sasa Ricciardo aliyekuwa kwenye kiti alichopewa Piastri, yeye alipata kitu au alitupwa tu?

BenderaNjano:
Mkataba wake ulikuwa unafika mwisho wa 2023, kwa hiyo ilibidi wakae mezani wauvunje kwa makubaliano. Hatupwi mtu mwenye wakili.