Tupeane uzoefu: binti anabaki vipi kwenye timu?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania ya wasichana chini ya miaka 17 (U-17), walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo kule India, na njiani wakawafunga Ufaransa 2-1. Hotuba za "wasichana wanaweza" tumezisikia za kutosha. Uzi huu ni wa walimu wa michezo, makocha na wahudumu wa afya: kitu gani hasa kinamfanya binti aliyeanza darasa la 5 awe bado uwanjani akifika kidato cha 3? Leteni vipimo. "Tuwape motisha" hatuitaki humu.

Mwalimu wa zamu
Anzeni na saa. Binti akifika nyumbani saa 12 na nusu na ndoo ziko tupu, kesho haji, na mama yake hana kosa. Mazoezi yaanze saa 9:30, filimbi ya mwisho saa 10:45. Kwa U-15 dakika 75 zinatosha, mara 3 kwa wiki, siku zilezile. Siku ya gulio iacheni.

Barua ya ruhusa iseme mambo manne: nani anafundisha, mwanamke gani atakuwepo, gari la ugenini linarudi saa ngapi, na nani anamfikisha binti mlangoni. Barua isiyotaja saa ya kurudi hurudi bila sahihi. Kisha mama au bibi aelezwe ana kwa ana, maana ndiye anayepanga kazi za jioni.

Ratiba ya uwanja ibandikwe ukutani. Bila karatasi ile, wavulana huingia kwanza na mabinti "wanasubiri kidogo" mpaka jua linazama.

Kocha wa mchangani
Naongezea vifaa. Bukta nyeupe ni kosa la kwanza. Binti aliye kwenye siku zake hucheza huku akijitazama nyuma, na mpira wa juu haruki. England wenyewe waliacha bukta nyeupe kabla ya Kombe la Dunia la wanawake 2023. Nunueni nyeusi au bluu iliyokoza, bei ni ileile.

Hijabu inaruhusiwa kwenye soka tangu 2014. Iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, isishonwe kwenye jezi, isiachie ncha zinazoning'inia. Mwamuzi akikataa, mara nyingi tatizo ni pini, kwa hiyo chagueni ya kuvutwa kichwani.

Mpira namba 4 hadi miaka 12, kuanzia 13 namba 5. Usijazwe upepo ukawa jiwe. Mtoto akiumia paji la uso mara moja, kupiga kichwa kumekwisha.

Wa goti
Jeraha linalomaliza safari za mabinti wengi ni kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti, yaani ule utepe unaoshikilia mifupa ya goti pamoja. Kwa wanawake hutokea mara nyingi kuliko kwa wanaume, na kwa kawaida hajaguswa na mtu: anatua au anageuka ghafla, goti linaingia ndani.

Kagueni hivi. Simameni mbele yake, aruke kutoka kwenye kizingiti cha darasa na kutua kwa miguu miwili. Magoti yakisogeleana, hapo pana kazi. Kutua kuzuri, goti liko juu ya kidole cha pili cha mguu, makalio yanarudi nyuma, na hamsikii kishindo. Masikio husaidia kuliko macho, sauti ya "paa!" ni mguu uliokakamaa.

Dawa yake ni kupasha misuli kwa mpango wa FIFA 11+, kama dakika 20: kukimbia polepole dakika 8, nguvu na kuruka na mizani ya mwili dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Angalau mara 2 kwa wiki, msimu mzima. Kinachoharibika ni kile kipande cha kati. Kocha akiona muda umebana anakiruka, zinabaki mbio, na goti halijapata kitu. Zoezi la kupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo, akajishusha mbele polepole, lianze na mara 3 hadi 5 tu. Zaidi ya hapo wiki ya kwanza, kesho hawapandi ngazi.

Mgeni
Lakini siku za hedhi si wapumzike tu?

Wa goti
Hapana mkuu, labda maumivu yamzidi. Wekeni sanduku: pedi, chupi za ziada, kanga nyeusi, sabuni. Likae kwa nahodha, na asiandikishwe mtu jina. Daftari likiwepo, sanduku halifunguliwi.

La kuogopa ni hedhi *kukosekana*. Ikipotea miezi 3 na mimba hakuna, msiseme "mazoezi yamemkolea". Mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa inalipa. Apelekwe kituo cha afya. Na chai isinywewe pamoja na mlo, inazuia madini ya chuma. Maharage au mchicha viende na limau au chungwa, chai ingoje saa moja.

Mtunza karatasi
Mmesahau binti kutambuliwa kwa alichofanya. Paredi ya Jumatatu isitangaze "mabinti wetu wamejitahidi". Tangazeni jina, dakika, alichofanya: "beki namba 4 aliondoa mpira mstarini dakika ya 61." Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuandika, hata kwenye mechi ya kirafiki. Karatasi hizo pia ndizo huonyeshwa timu kubwa ikiuliza habari za mchezaji.

Zawadi nazo! Wavulana njumu, wasichana sufuria. Acheni. Na cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe RITA mapema, siyo wiki ya usajili.

Mleta mada
Netiboli je, au goti ni la soka tu?

Wa goti
Hata kule lipo. Sheria inamlazimisha aliyedaka asimame pale pale, breki yote inaingia gotini. Dakika 20 zilezile, halafu fagieni changarawe uwanjani kabla ya filimbi.