Tangazo la siku moja linachezwa miaka: wachekeshaji wa Mbeya na Iringa wanamalizwa na karatasi ya "nimepokea"

Wakuu, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, mugonile. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na zile za umbea wa mastaa, hapa tunazungumzia riziki za watu.

Kila Nane Nane viwanja vya John Mwakangale vinajaa pikapu zenye spika, na kwenye spika kichekesho ni kilekile: mzee wa Kinyakyusa anabishana na mkewe kuhusu mbolea au mbegu ya mahindi. Watu wanasimama, wanacheka, wananunua. Mwenye sauti alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, basi. Msimu wa pili hakuna kitu. Msimu wa tano hakuna kitu. Sauti inauza mifuko, yeye anatafuta nauli ya daladala ya kutoka Mbalizi.

Na ni tarehe hiyohiyo ya Nane Nane, 8 Agosti 2018, alipofariki King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, pale Muhimbili. Alizaliwa 1948, akapanda jukwaani 1958 akiwa mtoto mdogo, akachekesha nchi hii kwa takriban miaka 60. Akiwa kitandani mwaka huo ndipo ubovu wa mikataba yake ya matangazo ulipoanikwa, hadi Dkt. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, wakati huo waziri wa habari na sanaa, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Nchi nzima ilihuzunika. Miaka minne kabla ya hapo tulimzika mchekeshaji mwingine, Mzee Small, Said Ngamba, baada ya kuugua muda mrefu, na huzuni ilikuwa hiyohiyo. Huku kwetu karatasi wanazosainishwa wachekeshaji hazijabadilika hata mstari mmoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Karatasi yenyewe iko hivi. Nusu ukurasa, mara nyingi imechapwa stationery dakika kumi kabla ya kurekodi: "Mimi fulani nimepokea kiasi cha shilingi kadhaa kwa kazi ya tangazo na sina madai mengine yoyote." Sahihi, namba ya simu, kwisha. Anayesaini anadhani amesaini risiti. Amesaini mkataba, tena mbaya kuliko yote, kwa sababu maneno "sina madai mengine" yanafunga mlango, na karatasi haisemi tangazo litatumika muda gani, wapi, wala kwenye nini. Basi linatoka kwenye redio ya Mbeya, linaenda redio ya Njombe, linapanda kwenye gari la matangazo, linakatwa kipande kinawekwa mtandaoni, picha yake inabandikwa ubavuni mwa duka la pembejeo Makambako. Kazi tano kwa malipo ya moja.

Tuseme kalipwa laki tatu. Likichezwa msimu mmoja wa miezi mitatu, ni laki moja kwa mwezi. Likichezwa miaka mitano ni shilingi elfu tano kwa mwezi. Hapo bado hujagusa hasara kubwa zaidi: kampuni ya pili ya mbolea haimchukui tena, kwa sababu kila mkulima anamjua kwa ile ya kwanza. Amefungiwa soko lote bila kulipwa hata senti ya kufungiwa huko.

Karatasi inayofaa si lazima iwe na kurasa ishirini. Moja inatosha kama imetaja muda kwa tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha (ukiandika "msimu mmoja" mtabishana msimu ni upi). Maeneo kwa mikoa. Vyombo kimoja kimoja, redio, televisheni, gari, bango, mtandao. Malipo ya kurudia kila muda ukiisha. Na kama kuna katazo la kutangaza bidhaa ya mshindani, katazo hilo lina bei yake na mwisho wake. Kisha mstari mmoja useme hairuhusiwi kukata, kuunganisha upya, wala kutengeneza sauti yake kwa kompyuta kwa tangazo jingine bila makubaliano mapya ya maandishi. Huu mstari miaka ya nyuma haukuwa na haja. Sasa hivi ukiukosa umeuza koo lako. Nakala mbili, kila mtu na yake, siyo "tutakutumia WhatsApp".

Kodi pia wanaichezea. Malipo ya huduma yanakatwa zuio la asilimia 5. Sawa, ni sheria. Lakini anayekata analazimika kukupa cheti cha zuio chenye TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Wengi hapa wanakata halafu cheti hakitoki. Kama hakuna cheti, hiyo siyo kodi, ni punguzo la malipo lililopachikwa jina la kodi.

Sasa wizi unaoumiza kuliko yote ni wa jina la mhusika. Watu wa nje wanadhani mchekeshaji anaongea tu. Mhusika anajengwa kwa miaka. Mzee wa Kinyakyusa anayeaminika si kuingiza "fijo" (sana) kila baada ya neno. Kinyakyusa hakina r wala z, mzungu ni unsungu, kwa hiyo mwigizaji anatakiwa ajue r ya Kiswahili inaangukia l wapi na wapi mzee aliyesoma shule ya misheni angejikaza kuitamka. Kuna mwendo, kuna namna ya kuvua kofia mbele ya mkwe, kuna ukimya kabla ya jibu. Ukimya ule ndio kichekesho chenyewe. Kuupata kunachukua mamia ya maonyesho kwenye harusi na minada.

Prodyuza anakuja mwaka wa nne, anaanzisha vipindi kwa jina la mhusika, anasajili jina kama lake. Mwigizaji akidai nyongeza, kesho yake kijana mwingine kavalishwa koti lilelile na kupewa jina lilelile. Kijana hana ule ukimya, basi anapiga kelele. Watazamaji wanasema "siku hizi hachekeshi", na lawama inabaki kwa yule wa kwanza.

Hili si geni. Lile kundi la vichekesho la akina Joti, Masanja na Mpoki walipohama televisheni ya EATV kwenda TBC1, jina la Ze Comedy halikuhama nao. Tukaanza kuwaita Orijino Komedi. Wao walikuwa kundi, sura zao zinajulikana nchi nzima, wakavuka. Mchekeshaji mmoja wa Mafinga akinyang'anywa jina atavuka na nani?

Dawa ipo na haihitaji kwenda Dar. Hakimiliki peke yake haitoshi, maana inalinda kazi iliyokwisha kutengenezwa, hailindi wazo la "mzee mbishi mwenye koti". Jina la mhusika linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya huduma, daraja la 41, ambalo ndilo la burudani. Maombi yanafanyika mtandaoni kwa namba ya NIDA. Usajili wa kwanza ni miaka 7, halafu unahuishwa kila miaka 10. Tafuta kwanza kama jina lipo, na usisajili "Babu" peke yake, litakataliwa kwa kuwa ni neno la kila mtu. Weka jina kamili la mhusika. Na usajili uwe kwa jina la mwigizaji, si la kikundi kisicho na katiba.

YouTube nako ni msiba. Chaneli inafunguliwa kwa Gmail ya mpiga picha "kwa sababu yeye ana laptop". Inafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, matangazo yanaruhusiwa, na fedha zinaingia kwa mwenye Gmail. Ukiuliza unaambiwa "bado haijafika dola 100". Inaweza kuwa kweli, lakini utajuaje kama huna ruhusa ya kuona? Chaneli iwe akaunti ya chapa (Brand Account), mwigizaji awe mmiliki mkuu, mpiga picha apewe umeneja tu: atapandisha video, hataweza kuiuza chaneli. Kama imeshafunguliwa kwa jina la mpiga picha, mwigizaji adai aongezwe kama mmiliki. Baada ya siku 7 anaweza kufanywa mmiliki mkuu. Wiki moja tu. Anayekataa wiki hiyo moja amekwisha kujieleza.

Natamani prodyuza wa hapa watujibu.

*

MTWIVILA JUU:
Mleta uzi umenena, ila upande wa Iringa kuna jingine hujaligusa. Huku wanataka Mhehe wa aina moja tu: mwenye hasira, anayetafuta kamba. Mwigizaji akileta mzee mwenye mgolole begani anayejadiliana na mjukuu kuhusu bei ya shamba Kilolo, anaambiwa "weka ile ya kujinyonga, ndiyo inacheza". Huo ni uvivu, na unaua kazi. Kichekesho cha kabila chenye utani mmoja kinaisha baada ya video tatu, halafu mwigizaji anaonekana kaisha yeye. Joti, jina lake halisi Lucas Mhuvile, alidumu kwa sababu alikuwa na wahusika wengi: bibi, mtoto, mzee, kila mmoja na sauti yake na mgongo wake. Mwigizaji wa vichekesho awe na wahusika wasiopungua watatu ambao hawafanani mwendo, la sivyo siku mmoja akichokwa amechokwa yeye mzima. Na kuwachekea watu waliofiwa kwa namna hiyo ni kitu cha kuacha kabisa, hata kama kinalipa.

*

FUNDI WA SAUTI, SOWETO:
Mimi nina hasira na jinsi wanavyorekodi. Maiki iko juu ya kamera, kamera iko mita tatu, upepo wa Uyole unavuma, au ni Februari na mvua inapiga bati. Kichekesho mara nyingi kiko kwenye neno la mwisho la sentensi, na neno la mwisho ndilo linalosemwa chinichini. Likipotea, mhariri anaweka vicheko vilivyorekodiwa tayari na milio ya katuni kuficha shimo. Mtazamaji anachukia, analaumiwa mwigizaji.

Maiki ya kubana ikae kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, waya upite ndani ya shati na ushikwe kwa utepe wa gundi ili kitambaa kisikwaruze. Kabla ya kuanza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa eneo lile, zitaziba mikato baadaye. Piga kwanza picha pana inayoonyesha mpaka miguu, maana mchekeshaji mzuri anachekesha kwa magoti. Karibu na uso ije baadaye. Na usirudie zaidi ya mara mbili au tatu. Mara ya sita mwigizaji anakumbuka kichekesho badala ya kukiishi. Ukikata, acha sekunde moja au mbili baada ya neno la mwisho. Wengi wanakata palepale, wanamnyima mtu nafasi ya kucheka.

Halafu hizi anguko. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai baridi inakata, na mzee wa miaka 50 anaambiwa aanguke kwenye tope mara nane akiwa na kanga iliyolowa. Hakuna godoro. Sponji ya inchi 6 inafichwa chini ya majani, anaangukia ubavu wa paja, si goti wala kiganja, na nguo kavu ya kubadilisha inakuwepo. Akivunjika mkono Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumhusu, kwa kuwa huo ni wa walioajiriwa na yeye alisaini "nimepokea".

*

PRODYUZA MDOGO, ILEMI:
Wakuu, msituchome wote. Nakodi kamera, nalipa mafuta, nalisha watu kumi, video inatazamwa na watu mia nne. Hayo malipo ya kurudia nitayatoa wapi? Na wasanii wengi hata TIN hawana, ukiwapa kurasa mbili wanasema unawazungusha.

*

MLETA UZI:
Mkuu, nakujibu kwa heshima. Kama huna fedha leo, usinunue kila kitu leo. Andika: malipo madogo sasa, gharama za kamera na mafuta zirudi kwanza kwa risiti, kinachobaki mgawane kwa sehemu mliyokubaliana, na hesabu ya chaneli ionekane kwa wote kila mwezi. Hiyo ni haki kwako na kwake. Ninachokataa ni kulipa kidogo na kuchukua vyote milele. La TIN uko sahihi, na haitozwi kitu kuipata, hapo wasanii hawana kisingizio.

Kwa waliokwisha kusaini: usichane karatasi kwa hasira, ndiyo ushahidi kwamba sauti ni yako. Ukisikia tangazo lako, lirekodi kwa simu huku ukitaja tarehe, saa na mahali, na upige picha ya gari na namba yake. Faili la awali libaki kwenye simu, usilitume WhatsApp na kulifuta, linapungua ubora na kupoteza tarehe. Andika barua ya madai, mpe siku 30, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na usikae nayo ndani: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 kisheria. Waliorekodiwa Nane Nane za zamani, anzeni kuhesabu leo.