Chakula cha kwenu ulichorithi jikoni, na nani alikufundisha: tupeane uzoefu

Mama Kihamba (Dar, asili Marangu)

Salaam wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Leo nimeshinda jikoni na mtori. Mdogo wangu amejifungua, na kwetu Marangu mzazi halishwi chai na mkate akaachwa hivyo hivyo. Ndizi ni mshare. Ukienda sokoni ukakubali ndizi yoyote utakayopewa, utapata supu ya ndizi, mtori hutaupata. Nyama iwe na mfupa, ichemke taratibu mpaka inaachia. Mikono paka mafuta kabla ya kumenya, maana utomvu wa mshare ukikaa kwenye kucha sabuni haiutoi. Kila ndizi unayomenya tumbukiza kwenye maji isiwe nyeusi. Zikienda kwenye ile supu ya nyama na kitunguu, zikaiva, nyama unaitoa pembeni, unaponda humo humo sufuriani kwa mwiko, unaweka siagi au maziwa, nyama unairudisha.

Nimeshauriwa leo nitumie blenda niwahi. Nimekataa kwa heshima zote. Blenda inaufanya mtori uvutike, na ule uchembe mdogo wa ndizi ambao ulimi unautafuta unapotea kabisa.

Aliyenifundisha ni bibi mzaa mama. Alikuwa anausikiliza mtori. Anakaa kwenye kigoda, anaongea na watu habari nyingine kabisa, halafu ghafla anasema, "Ongeza supu, unakaba." Ukienda kufunua, kweli, mapovu yanapasuka moja moja kwa mlio mzito. Mpaka leo napika hivyo, kwa sikio.

Ombi langu: mapishi matupu yamejaa kila mahali, msituletee hayo peke yake. Tuambieni na aliyewafundisha, na kile kitu kimoja alichokuwa anafanya ambacho huwezi kukikuta kimeandikwa. Wasiopika nao walete raha zao ndogo za nyumbani.

Wa Kibokoni (Mombasa)

Dada hongera kwa mtoto, Mungu amkuze.

Kwetu ni mahamri na mbaazi za nazi, na nyanya yangu ndiye alokuwa fundi. Jioni unga unakandwa kwa tui zito la vuguvugu, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa papo hapo. Iliki ya unga ya dukani hakuitaka jikoni mwake. Unakanda mpaka donge liwe laini kama ndewe la sikio, na hilo alilipima kweli: anashika sikio lake kwa mkono mmoja, donge kwa mkono mwengine. Ukiambiwa bado, ni bado, hata kama mabega yanakuuma.

Donge linafunikwa linalala. Alfajiri unasukuma duara, unakata vipande vinne, unaviacha viumuke tena kidogo. Sasa siri yake ni hii, na sijaiona kwenye kitabu: hamri likishaingia karaini, usilitazame tu. Chukua upawa ulimwagilie mafuta ya moto kwa juu, bila kusita, mpaka lifure lote. Ndio maana yake likipasuliwa huwa na mfuko ndani wa kutia mbaazi.

Mbaazi nazo ziwe zimelowekwa usiku kucha. Tui jepesi huenda nazo mwanzo, tui zito huja mwisho kabisa, na likiingia mwiko hautoki sufuriani, maana ukiliacha lichemke peke yake hukatika, na tui lililokatika halina dawa. Kazi ya kukuna nazi kwa mbuzi ilikuwa yetu watoto. Malipo yetu yalikuwa kipande cha nazi kilichobaki kifuuni, na tulikipigania.

Nyanya hayuko tena. Kila Jumapili mahamri hupikwa kwangu, na wanangu nimewapa kazi ya sikio.

Ukoko Halisi (Temeke)

Raha yangu haina mpishi. Ukoko wa wali wa nazi, umeshika chini ya sufuria, rangi ya dhahabu, unamwagiwa mchuzi wa maharage ya moto ukae kidogo. Marehemu baba alikuwa anauacha kwa makusudi. Sisi tulikuwa sita, yeye anajifanya ameshiba, anasogeza sufuria upande wetu. Nimekuwa mkubwa ndiyo nikaelewa alikuwa anaupenda kuliko sisi.

Ng'wana Kwimba (Mwanza)

Wabeja sana kwa uzi huu. Nawaletea michembe, maana vijana wetu wa mjini wanaiona sokoni wanadhani ni magome ya mti.

Kiangazi viazi vitamu vikiwa vingi, mama na shangazi walikuwa wanakaa kivulini wanakata siku nzima. Vinavyokatwa vibichi vikaanikwa ni michembe. Vinavyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Kwetu majabali ni mengi, na jabali ndiyo lilikuwa uanda wetu: linapata moto toka juu na toka chini, viazi vinakauka haraka bila kuota ukungu. Watoto tulilinda mbuzi na kuku wasipande. Mawingu yakionekana, kijiji kizima kinakimbilia majabalini, hata mgeni aliyekuja kusalimia anapewa ungo.

Michembe inachemshwa na karanga zilizotwangwa, au inaliwa na maziwa mgando. Matobolwa hayahitaji jiko. Unayatia mfukoni unaenda nayo shule, ni magumu mwanzo, ukiyaweka shavuni yanalainika na utamu wake unakuja taratibu. Hakuna pipi niliyowahi kuipenda hivyo.

Kitu cha mama ambacho hakijaandikwa: kabla ya kuhifadhi alivunja kipande kimoja karibu na sikio. Kikilia "ka!" kinaingia ghalani. Kikipinda, vyote vinarudi jabalini. Naona Mama Kihamba na mimi tumelelewa na wanawake wa masikio makali.

Tukumbuke pia kwamba hiki hakikuwa chakula cha kufurahia tu. Mvua zikichelewa, ghala la michembe na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ndilo lililotuvusha. Namheshimu sana mtu aliyewaza kwanza kuyafanya haya.

Mama Sombe (Brussels, asili Bukavu)

Jambo kwenu wote. Sisi Bukavu ni sombe, yaani majani ya muhogo, na bugali. Huku Brussels, mtaa wa Matonge, majani yanauzwa yametwangwa tayari, yamegandishwa ndani ya mifuko, na ninashukuru kuyapata. Lakini mama yangu alitwanga mwenyewe kwenye kinu, na aliyachemsha muda mrefu kabla kitu kingine hakijaingia. Halafu vitunguu, biringanya, pilipili hoho, karanga za kusaga, na mafuta mekundu ya mawese. Pembeni sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zimekaangwa mpaka zinavunjika mdomoni.

Siku ya sombe kwangu hakuna anayeuliza tunakula saa ngapi. Ikiiva, imeiva. Watoto wangu wamezaliwa hapa, wanajibu kwa Kifaransa, ila harufu ya mawese ikifika ghorofani wanashuka wenyewe na kusema, "Mama, iko karibu kuiva?" Hiyo inanitosha kwa wiki nzima.

Bint Unguja (Muscat)

Ahsanteni, mmenitia hamu. Bibi alihamia huku miaka ya 1970, na jikoni kwetu mpaka leo ni Kiswahili kitupu. Kwetu ni mkate wa kumimina: mchele uliolala majini, unasagwa na tui na iliki, unatiwa hamira, ukishaumuka unamiminwa sufuriani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Sasa tuna oveni, lakini Ramadhani mama hulitoa jiko la makaa uani. Anasema oveni inaoka, haipambi. Na kweli, ule uso wa juu wenye rangi ya hudhurungi na harufu kidogo ya moshi, oveni haiupati.

Baraza la Ngamiani (Tanga)

Mimi sipiki. Raha yangu ni kahawa chungu ya dele baada ya alasiri, tangawizi ndani, kashata ya karanga mkononi, na wazee wanabishana juu ya bao. Baba alikuwa akinipa kikombe nusu nikiwa mdogo, mama asione. Mama alikuwa anaona.

Mgeni Jikoni (Morogoro)

Shikamoo Ng'wana Kwimba. Nimeolewa Shinyanga, mama mkwe kanitumia michembe gunia dogo. Inalowekwa usiku kama maharage au vipi?

Ng'wana Kwimba (Mwanza)

Marahaba mwanangu. Hapana, usiilaze majini. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu kutoa vumbi, ipange sufuriani, maji yaifunike, moto wa wastani. Ikianza kulainika weka karanga ulizotwanga mwenyewe na chumvi kidogo sana, kwa sababu utamu wake unajitosha. Ikiiva mpigie mama mkwe umwambie umeipika. Usingoje akuulize.