Nitatofautishaje tashbihi, sitiari na tashihisi katika sentensi za Kiingereza?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Shikamooni walimu, na salamu kwa wanafunzi wenzangu. Katika jaribio la wiki iliyopita tulipewa sentensi kumi za Kiingereza, tukatakiwa kutaja tamathali ya usemi iliyotumika katika kila moja, na kama haipo tuseme haipo. Mimi nilifuata kanuni niliyoikariri, kwamba palipo na "like" au "as" pana tashbihi, na pasipo na maneno hayo pana sitiari. Nikaandika kuwa "She sings like her mother" ni tashbihi, nikakosa. "The wind whispered through the trees" nikaiita sitiari, nikakosa tena. Ile ya "I have told you a million times" niliiacha wazi. Kwa Kiswahili mambo haya hayanisumbui kabisa. Nikisikia "Juma ni simba" sihitaji kuelezwa. Kwa nini basi kwa Kiingereza ninapotea?

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza

Marahaba, mwanangu. Maneno "like" na "as" ni dalili tu, na dalili hiyo mara nyingi hudanganya. Tashbihi hufananisha vitu viwili vya jamii tofauti kwa sifa fulani wanayoshirikiana. Binti na mama yake wote ni watu na wote huimba, kwa hiyo sentensi yako ni ulinganisho wa kawaida, ambao jirani yeyote aliyewasikia anaweza kuuthibitisha au kuukanusha. Mwondoe mama, umweke ndege: "She sings like a nightingale." Hapo mtu amewekwa kando ya ndege, nasi twaelewa kwamba kinachotajwa ni utamu wa sauti, si manyoya wala mdomo. Vivyo hivyo "He works as a driver" inataja kazi ya mtu na haifananishi chochote, ilhali "as stubborn as a mule" ni tashbihi kamili.

Neno sitiari asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kuazima. Mimi hulitumia kama kipimo: ukikutana na sentensi ambayo haiwezi kuwa kweli kwa maneno yake yalivyo, uliza ni neno gani limeazimwa, na mwenye neno ni nani. Upepo hauna midomo. "Whispered" ni mali ya binadamu, na kwa kuwa neno la binadamu limeazimwa na kupewa kitu kisicho na uhai, tunaiita tashihisi. Hukukosea mbali sana, maana tashihisi ni tawi la sitiari, lakini mtahini hutaka jina lililo karibu zaidi. Sentensi ya "million times" ni chuku, yaani kutia chumvi: hakuna aliyehesabu, na msemaji hatarajii uamini hesabu hiyo, anataka uhisi uchovu wake.

Huyo simba wako ni wa zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiandika juu ya ufasaha, alisema kuwa tashbihi nayo ni sitiari na tofauti yao ni ndogo: ukisema Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliruka kama simba, hiyo ni tashbihi, ukisema simba aliruka, huku ukimkusudia Achilles, hiyo ni sitiari.

Sasa nijibu lile la kwa nini. Katika Kiswahili unamjua mwenye kila neno tangu utotoni, kwa hiyo neno likihama kwake unashtuka papo hapo. Katika Kiingereza unaweza kukutana na "howl" kwa mara ya kwanza ndani ya "the wind howled", ukadhani ni neno la upepo, kumbe ni mlio wa mbwa mwitu. Fungua kamusi, usome kwanza maana ya msingi ya neno, ndipo urudi kwenye sentensi.

Mfasiri

Naunga mkono maelezo ya mwalimu, na ninaongeza aina mbili ambazo kipimo cha kuazima hakizifichui kwa urahisi. Ya kwanza ni pale jina la kitu linaposimama badala ya kile kinachohusiana nacho. "Downing Street has denied the reports" haina maana kwamba mtaa wa London umefungua kinywa. Inayosemewa ni ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, kama sisi tunavyosema Ikulu imetangaza. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta tashihisi ataiita hivyo, lakini hapa mtaa haukupewa ubinadamu, umekopesha jina lake tu.

Ya pili ni nahau na tasfida, yaani maneno ya upole yanayositiri jambo zito, na hapa ninasisitiza kwa sababu kosa lake huumiza watu. Niliwahi kuletewa barua ya rambirambi ya Kiingereza niihakiki, na ndani yake mwandishi, kwa nia njema kabisa, aliandika kuwa mzee "kicked the bucket", akiamini ni njia ya upole ya kusema amefariki. Ni nahau ya mzaha. Tasfida inayostahili msiba ni "passed away", na nililibadilisha kabla barua haijawafikia wafiwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Asanteni sana. Nimejaribu kipimo hicho kwenye sentensi nyingine ya jaribio: "The sun smiled on us like an old friend." "Smiled" ni la binadamu, kwa hiyo niseme tashihisi. Lakini pia jua limefananishwa na rafiki, na hivyo ni vitu vya jamii tofauti. Je, nichague ipi?

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza

Usichague, mwanangu. Tamathali mbili zinaweza kukaa katika sentensi moja. Andika zote, na mbele ya kila jina onyesha maneno yanayolithibitisha: "smiled" kwa tashihisi, na "like an old friend" kwa tashbihi.