Ushauri: Shilingi 600,000 za pedi za wanafunzi, nizitumieje zisiishe ndani ya miezi mitatu?

MwlMlezi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu mlezi wa wasichana, shule ya msingi, wilaya ya Maswa, Simiyu. Waliosoma hapa zamani wamechanga 600,000 wakataka tuwanunulie watoto pedi. Nashukuru sana, ila nikipiga hesabu nakosa usingizi. Darasa la tano hadi la saba, waliokwisha kuvunja ungo ni kama 90. Pakiti dukani hapa ni 2,000, kwa hiyo ni pakiti 300. Kila mmoja akipata moja kwa mwezi, mwezi wa nne tumerudi palepale.

Hali yenyewe ni hii. Choo cha wasichana kina matundu 4, milango 2 haina komeo. Maji watoto wanayabeba asubuhi kwenye vidumu. Binti akiingia kwenye siku zake anafunga sweta kiunoni, anahamia dawati la nyuma, ukimwita ubaoni hanyanyuki. Kesho yake haji. Wapo wanaotumia vipande vya khanga kuukuu, wapo wanaochana sponji ya godoro. Nina mtoto mmoja la sita, hesabu zilikuwa mchezo kwake. Mwaka huu kila mwezi anakosa siku tatu nne, na sehemu zinafundishwa yeye hayupo.

Je, ninunue pedi za dukani, nitafute za kufua, au hela yote iende kwenye choo?

Chausiku_Kilifi
Pole Mwalimu, na hongera kwa kuwajali. Kwetu Kenya sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wa shule wapewe sodo, yaani pedi, bure na serikali. Shuleni nilikofundisha, tuligawa sodo tukafurahi, kisha tukaona wengine wanazirudisha nyumbani kwa dada zao. Kumbe hawakuwa na chupi za kuzibandika! Mtoto ana chupi moja, imelegea mpira. Kabla hujanunua chochote, waulize faraghani nani anazo na nani hana.

BabaWawili
Mwalimu, mimi ni mzazi, mke wangu alifariki, na binti yangu mkubwa yupo la saba. Ilinibidi nijifunze kwenda dukani kuomba pedi mbele ya wanaume wenzangu. Nakwambia kitu kimoja: usiitishe akina mama peke yao. Huku kwetu hela ya pamba iko mfukoni mwa baba, na akina mama wanaona aibu kumwomba hela ya hedhi. Itisha kikao wakati wa mauzo ya pamba, baba wakae wasikie.

Na tusisubiri bei. Mwaka 2018 serikali yetu ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Anayesubiri bei ishuke, binti yake atamaliza shule kwanza.

Choo usikitolee hela hiyo. Komeo na mlango ni kazi ya wazazi, tuna mafundi seremala humo humo kijijini.

Fundi_Tausi
Mimi nashona za kufua. Juu kitambaa cha pamba, katikati flaneli tabaka mbili au tatu, chini kitambaa laini kisichopitisha maji. Usiweke plastiki ya kitambaa cha meza, inachoma na kutoa jasho. Pembeni mabawa mawili yenye kifungo cha kubonyeza. Nikishona mwenyewe ni 1,500 kipande. Watoto wakishona kwa sindano mkononi, unabaki na gharama ya vitambaa na vifungo, kama 1,000. Zikitunzwa vizuri zinavuka mwaka. Mpe kila mtoto tatu.

NesiMstaafu
Tatu hazitoshi, Tausi. Msimu wa mvua moja ameivaa, ya pili imelowa mfukoni, ya tatu haijakauka. Wape nne.

Mwalimu, mwanangu, pedi ya kufua isiyofuliwa vizuri ni mateso. Waambie walowekee maji ya baridi kwanza, maana ya moto yanaigandisha damu kwenye kitambaa. Kisha sabuni ya kipande, wasuuze mpaka maji yawe meupe, waanike juani kabisa. Wengi wanaficha chini ya godoro kwa aibu, inabaki na unyevu, mwisho anawashwa na kutoa harufu. Kama anaogopa kuonekana, atandike khanga nyepesi juu yake kwenye kamba. Wabadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa hiyo akiwa shuleni lazima abadilishe angalau mara moja. Hapo ndipo choo kinapoingia: komeo, ndoo yenye mfuniko, na kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kuning'iniza kinachochiriza maji, cha kunawa nje.

Anayetoka damu zaidi ya siku 7, au anayelowesha pedi kila saa moja au mbili, mpeleke zahanati. Usimwachie bibi yake aseme ndiyo ukubwa. Damu inamwishia.

Wavulana nao wafundishwe. Kinachomfukuza binti darasani mara nyingi ni kicheko chao.

Mdau_Shinyanga
Nakubaliana na za kufua, lakini kushona kutachukua wiki kadhaa, na kuna anayeanza leo akiwa darasani. Weka pakiti chache kabatini kwako.

MwlMlezi
Asanteni sana, mmenifungua. Nimepiga hesabu upya. Vipande 4 kwa watoto 90 ni 360, kwa 1,000 ni 360,000. Chupi mbili kila mmoja, sokoni ni 1,000 moja, hiyo 180,000. Zinabaki 60,000, ndizo pakiti 30 za kabatini. Milango na kibuyu chirizi navipeleka kwenye kikao cha wazazi, na baba nitawaandikia barua kwa majina yao. Fundi Tausi, unaweza kutufundisha?

Fundi_Tausi
Naweza, niko Bariadi, nitakuja Jumamosi utakayopanga. Flaneli yote iloweke na kuianika kabla sijafika, ikiwa mpya hupungua ikifuliwa na kipimo kitaharibika. Sindano nunua za ziada, watoto watazivunja.